Tanga kwa miguu, kuanzia majini

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Waongozaji wenzangu, wapishi, na nyinyi wapagazi wagumu mlioshuka jana jioni na magoti bado yanalalamika, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya matembezi mafupi ya mjini, kwa mgeni aliyemaliza Mlima Kilimanjaro akabakiwa na siku mbili tatu mkononi. Nitazungumzia Tanga. Mtasema ni kwa sababu mimi ni Mbondei wa Muheza niliyeolewa Kibosho, na mtu hakosi kusifia kwao. Hilo sikatai. Ila ninayo sababu nyingine, na hiyo inawahusu nyinyi zaidi yangu. Mji huu wa Moshi tuliokaa asubuhi hii uko hapa ulipo kwa sababu ya Tanga. Moshi ya kwanza ilikuwa kule juu, Old Moshi, kwa mtawala wa Wachagga, Mangi Rindi, na mwanawe Meli. Hii ya tambarare ilikua pale reli ilipofika, na reli hiyo ilitoka Tanga. Mgeni wenu anashuka mlimani kwa lango la Mweka, analala hotelini karibu na stesheni, anapiga picha lile jengo la zamani, halafu kesho yake anapandishwa ndege kwenda Zanzibar. Sina ugomvi na Zanzibar, nina mashemeji huko. Lakini bandari iliyoizaa Moshi anaikosa, na hakuna aliyemtajia hata jina lake.

Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893. Msidhani walikuwa na haraka ya kuja kwetu. Walichotaka ni kahawa ya milima ya Usambara, ndiyo maana ikaitwa Reli ya Usambara. Kampuni ilifika Muheza mwaka 1896, mfuko ukatoboka, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, na hapa Moshi 1911. Kilomita 352, miaka kumi na minane. Arusha nao walisubiri mpaka Waingereza walipoivuta reli kwao mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo ndugu zetu wa Arusha mlio humu ndani, kwa hili kaeni kimya kidogo.

Sasa wekeni tarehe moja kando ya hizo. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na wazao wake wanakitafuta kichwa chake Ujerumani mpaka leo. Siku ananyongwa, reli ilikuwa imekwama Muheza. Mgeni anayedhani gari moshi ndilo lililoleta utawala wa kigeni mlimani, hapo anapata jibu. Bunduki zilikuja kwa miguu, na risasi zake zilikuja vichwani na mabegani mwa wapagazi, miaka mingi kabla ya filimbi ya kwanza kusikika hapa. Nyinyi mnaobeba mahema na mitungi ya gesi ya watu sihitaji kuwaeleza zaidi.

Basi tuje kwenye matembezi yenyewe. Mimi nawapa muda wa saa mbili, au tatu kama mgeni ni mtu wa kamera. Anzeni saa moja asubuhi, ikizidi sana saa moja na nusu. Nimemwona mtu aliyefika kilele cha Uhuru akitabasamu, saa nne asubuhi Tanga anaomba kivuli. Joto la pwani linamkomesha mtu aliyezoea kulala kambi ya Barafu kule mlimani.

Waongozaji wengi huanzia makumbusho, kwenye lile boma la zamani, kwa sababu kuna pa kukaa. Mimi sianzii hapo. Ukianza na boma umeanza na Mjerumani, na wengine wote wanaofuata, Mdigo, Mbondei, Mwarabu, Mhindi, Mnyamwezi, wanakuwa watu waliopita nyumbani kwake. Anzeni Jamhuri, kwenye ile bustani ya juu inayotazama ghuba. Msimamisheni mgeni uso baharini, mgongo kwenye majengo. Mwonyesheni kile kisiwa kilicho mbele, Toten, kwamba humo mna magofu ya misikiti na makaburi ya watu walioishi na kuswali kabla hajatokea Mzungu wa kuwachorea ramani. Waambieni habari za majahazi, pembe za ndovu, na misafara iliyotoka bara kupitia Pangani na Tanga. Na watumwa pia. Hilo msiliruke eti kwa kuogopa kumharibia mgeni asubuhi yake.

Hapo hapo, bila kusogea, elezeni jinsi pwani hii ilivyobadilisha mikono. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilikuja kutawala kwa mkataba iliyoupata kwa Sultani wa Zanzibar, na watu wa pwani wakainuka. Abushiri bin Salim akawasumbua mwaka mzima na zaidi mpaka akakamatwa akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikakubali kumlipa Sultani marki milioni 4 kwa ukanda wa pwani, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Berlin ikaingia rasmi. Aliyeuza alikuwa Zanzibar, aliyenunua alikuwa Ulaya, na waliouzwa walikuwa wanavuta nyavu zao pale chini. Mkisema hivyo huku mgeni anawaona wavuvi kwa macho yake, hamhitaji kuongeza neno.

Kabla hamjaondoka Jamhuri, mwelezeni bandari inavyofanya kazi, maana hilo hulikosa wengi. Ghuba ya Tanga ni nzuri kwa macho lakini kando yake kuna kina kifupi. Mpaka juzi juzi hapa, kabla ya kuchimbwa, meli kubwa ilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa gatini kwa matishari, yaani mashua bapa za mizigo. Maana yake ni kwamba kila robota la mkonge na kila gunia lilishikwa na mikono mara mbili, mara tatu. Bandari ya namna hiyo inakula watu. Inahitaji makuli wengi, na makuli wengi wakikaa pamoja wanaanza kuulizana kuhusu mshahara. Mwaka 1939 makuli wa Tanga waligoma. Ni historia ya kikoloni vilevile, lakini haina jengo, kwa hiyo kwenye vipeperushi vya utalii hamtaiona.

Nimetaja mkonge. Nawaomba hapa mtulie kidogo, kwa sababu bila mkonge Tanga haielezeki. Kahawa ya Usambara haikuwapa Wajerumani utajiri walioutarajia. Mwaka 1893, mwaka uleule wa reli, Daktari Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikapitishwa Hamburg, ikapanda meli tena, na iliyofika ikiwa hai ni 62. Sitini na miwili! Kutokana na hiyo ndiyo yakatoka mashamba yote mnayoyaona mkiwa kwenye basi kuanzia Mombo kuelekea Korogwe na Muheza, ile mistari inayokwenda mpaka macho yanachoka. Wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na Tanga ikajifunza kukaa kimya.

Na mkonge haukujikata wenyewe. Walikuja manamba, vijana wa mikataba kutoka Songea, Njombe, Kigoma, mpaka Burundi, wakaingia makambini na kadi za kuhesabia siku za kazi. Wengine hawakurudi kwao. Leo ukiwa Muheza au Korogwe ukasikia jina la Kibena au Kimakonde kwa mtu aliyezaliwa hapo hapo, babu yake alikuja kukata mkonge. Bibi yangu alikuwa akiwauzia ndizi. Alisema walikuwa wanalipa bila kupunguziwa bei, kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kubishana jioni.

Sasa mnaweza kwenda bomani. Ingieni, tazameni picha, msikae sana. Mnara wa saa, semeni sentensi mbili. Hospitali ya Wajerumani kule Bombo, ile inayoitwa Cliff Block, ni jengo zuri kweli na limekaa vibaya, linahitaji fedha kuliko maelezo. Kwenye kila jengo mimi nina maswali matatu tu: nani alilijenga kwa mikono yake, nani aliligharamia, na nani alikuwa haruhusiwi kupita mlango wa mbele. Mengine kama aina ya matao na unene wa kuta, mgeni akitaka atauliza. Akiuliza nawe hujui, mwambie hujui. Kuna tabia mbaya imeingia kwenye kazi yetu ya kutunga tarehe ili mgeni asione pengo, na mgeni wa siku hizi anayo simu mfukoni.

Jambo moja la Wajerumani ningependa mlitumie muda zaidi, nalo ni shule. Miaka ya 1890 walifungua shule ya serikali Tanga. Hawakuwa na mapenzi na watoto wetu. Walikuwa na upungufu wa makarani. Kumweka Mjerumani kila wilaya ni gharama, kwa hiyo walihitaji mtu anayejua Kiswahili, anayeandika kwa herufi za Kirumi, atakayehesabu kodi na kupeleka barua. Kutoka Tanga walitoka makarani, walimu na maakida waliopelekwa bara kutawala watu wasiowajua. Shule hiyo ikawa na mtambo wa kuchapa, na mwaka 1904 likaanza gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Humo ndani utakuta Waafrika wanaandika habari kutoka vituo vya mbali, wanapeana salamu, wanatunga mashairi, wanalalamikiana. Kiswahili cha ofisini tunachojivunia leo kina mguu mmoja pale. Utawala wa kikoloni ulitaka makarani, ukapata na waandishi, na sidhani kama ulipanga hilo la pili.

Haya, vita, ile Vita ya Kwanza ya Dunia. Najua mnasubiri nyuki.

Mnamo Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga zikiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Tarehe 2, nahodha wa manowari ya Fox akateremka kuwaambia Wajerumani wasalimu amri, wakaomba muda wa kufikiri, na huo muda wakautumia vizuri. Kwa sababu jeshi lao lilikuwa wapi? Lilikuwa huku kwetu, chini ya mlima, likilinda mpaka wa Kenya. Kamanda wao, Von Lettow-Vorbeck, akawapakia askari kwenye mabehewa hapa Moshi, wakateremka usiku na mchana mpaka Tanga. Yeye mwenyewe usiku wa kuamkia mapigano alizunguka mjini kwa baiskeli kuangalia mambo yalivyo, na Tanga mpaka leo ni mji wa baiskeli, ingawa sisemi yeye ndiye aliyetufundisha.

Waingereza waliteremka upande wa Raskazone, wakapita vichakani na kwenye mashamba kuelekea mjini. Tarehe 4 wakapambana na jeshi lisilozidi sana watu 1,000, na wakashindwa. Nyuki walikuwepo kweli. Mizinga ilitundikwa mitini, risasi zikawachokoza, wakauma pande zote mbili bila kuuliza bendera. Baadaye ikatungwa hadithi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa kamba. Ni uongo wa mtu aliyeshindwa akatafuta wa kumlaumu. Mkiusimulia, usimulieni kama uongo, mgeni atacheka zaidi. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha, na risasi zaidi ya laki tano. Kwa risasi hizo vita vikaendelea, na kwa vita hivyo kuendelea, wapagazi wakaendelea kukamatwa vijijini kubeba mizigo na kufa kwa njaa na kuhara njiani. Waingereza waliichukua Moshi Machi 1916, Tanga Julai mwaka huohuo.

Nawaomba kitu kimoja kwenye simulizi hii. Usiwafanye askari wa Lettow kuwa kivuli cha Lettow. Walioshinda Tanga, kwa idadi, walikuwa Waafrika, na walioshindwa, kwa idadi, walikuwa Wahindi. Wazungu wawili waligombana, wakawatuma watu wa mabara mawili kuuana katika minazi ya Wadigo. Mgeni akilipata hilo, amepata vita vyote vya dunia katika Afrika Mashariki.

Kisha vukeni reli. Hapa ndipo matembezi mengi yanapokatikia, na mimi ndipo naona yanapoanza kunoga. Upande wa kaskazini wa reli, bahari, ofisi, nyumba za wakubwa, maduka ya Wahindi. Upande wa kusini, Ngamiani, ambako Waafrika walipangwa. Reli iliyoleta mizigo ilikuwa pia mpaka wa nani alale wapi. Ngamiani mitaa imenyooka, inakatana kwa pembe za mraba, na inaitwa kwa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka zaidi ya ishirini. Mtu wa serikali aliyekaa na rula akachora. Lakini watu walioingia humo hawakuishi kwa rula. Wamejenga baraza, wamejenga misikiti, wameanzisha vikundi vya ngoma na taarabu, wameoana makabila yote, na wamekitia Kiswahili chumvi mnayoisikia mkija kwetu mkabaki mnatabasamu. Anayekuja leo akakusudia kuondoka leo, mnajua tunavyosema Tanga, shauri yake.

Mketisheni mgeni barazani. Muuza kahawa atapita na madila yake anagonganisha vikombe. Kahawa hiyo chungu na kipande cha kashata, bei yake mgeni atadhani amesikia vibaya. Mwambieni kwamba wakulima wa huku mlimani walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mlimani, na kahawa yao ikasafirishwa kwa reli kwenda pwani. Nyingi iliishia kupitia Mombasa, kwa sababu wakati wa vita hiyo ya kwanza Waingereza walijenga kipande cha reli kutoka Voi, Kenya, hadi Kahe hapa jirani, na hicho kipande kikaipora Tanga mzigo wake. Wazee wa Tanga kwa hilo hawajasamehe. Msilianzishe jambo hilo barazani kama mna basi la kuwahi.

Kuna mwenzetu aliniuliza hapo mlangoni: mgeni Mjerumani nimwambieje haya yote? Mwambie yaleyale. Usimgombeze, hakuwepo. Usimbembeleze pia, usimwambie kwamba babu zake walituletea maendeleo, maana wengi wao hawataki kuambiwa hivyo, na anayetaka kuambiwa hivyo ndiye hasa asiyestahili kuambiwa. Nimewahi kuwa na mzee wa Kijerumani aliyesikiliza yote mpaka mwisho akauliza swali moja tu: mishahara ya waliotandika reli ilikuwa kiasi gani. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye matembezi.

Mwisho kabisa, mambo ya vitendo. Treni ya abiria iliyorudi Moshi mwaka 2019 inapita Korogwe kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo kwa Tanga mjini bado tunategemea basi: Himo, Same, Mombo, Korogwe, kona ya Segera, Muheza, karibu kilomita 350. Mweke mgeni dirishani, maana sehemu kubwa ya njia barabara na reli zinafuatana, na somo la mkonge unalianza humo humo ndani ya basi.

Na jamani, msiende kuongoza nyinyi wenyewe. Mnajua tunavyochukia pale mtu wa mbali anapokuja kupandisha wageni mlima wetu bila kumchukua kijana wa hapa hata mmoja. Basi Tanga nao wanao vijana, wanaijua Ngamiani nyumba kwa nyumba, na mwanamke wa barazani atamkaribisha kijana wake kabla hajakukaribisha wewe na fulana yako ya kampuni. Kubaliana naye bei mapema, mlipe siku hiyohiyo, na bakshishi ya mgeni iende kwake yote. Nimesikia minong'ono huko nyuma niliposema yote. Yote.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wanaotaka namba za waongozaji wa Tanga wanifuate kwenye chai, na anayetaka kubisha kuhusu bakshishi anifuate huko huko.

Ahsanteni sana.